Mwenye Kujitolea na Gharama Zake

 

Kila mwaka, kuanzia Desemba mpaka Februari, jua linakausha Ituri yetu. Mtu anachoma shamba na upepo unageuka. Jiko la makaa linaachwa karibu na ukuta wa turubai. Waya wa umeme umeungwa na fundi asiyejua kazi. Esansi ya kuuza inawekwa ndani ya chumba kile kile ambamo mshumaa unawaka. Hapo moto unashika. Na katika miji yetu mingi, moto ukishika, wa kwanza kufika si gari la wazima-moto, wale tunaowaita pompie. Wa kwanza ni jirani mwenye ndoo, na mara nyingi jirani huyo ni muamini.

Sasa tuangalie mambo yanavyokwenda. Kijana anaitwa usiku na wakubwa wake wa kanisa: nenda, kartie fulani inaungua. Anapanda pikipiki na kulipa mwenyewe. Anaita wenzake kwa unite zake. Mama wa nyumba ya pili anatoa bidoni tano za maji aliyoyanunua asubuhi kwa kupikia watoto. Kijana analowesha blanketi lake na kulitupa juu ya moto. Ndoo ya plastiki inayeyuka. Nyumba ikiokoka, watu wote wanamsifu Mungu, na ni vizuri. Lakini kesho yake mama hana maji, na kijana hana blanketi wala franka za kula.

Swali la leo ni hili: watu kama hao warudishiwe gharama zao? Na kama ndiyo, nani arudishe? Swali hili si la wazima-moto peke yao. Linahusu pia wanaobeba wagonjwa kwenda hospitali, wanaochimba makaburi, wanaolinda watu katika mikutano mikubwa, na wanaotembelea wakimbizi katika kambi. Lakini mfano wa moto unaonyesha jambo waziwazi, kwa sababu moto haungoji mtu atafute feza kwanza.

WANAOKATAA WANASEMA NINI

Wako ndugu wanaosema hapana, na hawasemi hivyo kwa ubaya. Sababu zao ni tatu.

Ya kwanza: anayejitolea amejitolea. Akirudishiwa, baraka yake imeisha hapa duniani. Bwana Yesu alifundisha katika Matayo 6 kwamba mkono wa kushoto usijue mkono wa kuume unafanya nini.

Ya pili: wazee wetu hawakurudishiwa kitu. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Tarehe 3 Oktoba mwaka ule ule alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30 na kufariki Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu mbali na makwao, wakaacha mashamba na nyumba. Nani aliwaandikia hesabu ya hasara?

Ya tatu: feza inazaa uongo. Leo mtu ametumia franka elfu mbili, kesho ataandika elfu tano. Afadhali tusifungue mlango huo.

Sababu hizi zina uzito. Tuzipime kwa maneno matatu ambayo kila mtoto wa kanisa letu anayajua: upendo, amri, kazi.

UPENDO

Tusome tena Luka 10, habari ya Msamaria mwema. Sisi sote tunamkumbuka Msamaria. Lakini katika habari ile yuko mtu mwingine ambaye hatumhubiri sana, naye ni mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimwachia majeruhi pamoja na dinari mbili. Tena akamwahidi kwamba gharama yoyote itakayozidi, atailipa atakaporudi.

Angalieni vizuri. Msamaria mwenyewe hakurudishiwa mafuta yake, wala divai yake, wala dinari zake. Alitoa kwa moyo, na hakumdai mtu. Lakini hakumwambia mwenye nyumba ya wageni: nawe utoe kwa moyo kama mimi, utalipwa mbinguni. Alijua kwamba sadaka ni yake yeye, na kwamba hawezi kutoa sadaka kwa mfuko wa mtu mwingine. Aliyemtwika mwenzake mzigo alibeba gharama ya mzigo ule. Bwana Yesu hakuona kwamba kurudisha feza kunapunguza upendo. Alikuweka ndani ya mfano wa upendo wenyewe.

Mfalme Daudi alifanya vilevile. Katika 2 Samweli 24, Arauna alitaka kumpa bure uwanja wa kupuria, ng'ombe na kuni, ili Daudi atoe sadaka. Daudi alikataa. Hakutaka kumtolea Mungu kitu ambacho hakikumgharimu. Maneno hayo tunayatumia mara nyingi kumwambia kijana: toa kitu kinachokuuma, kama Daudi. Lakini katika habari ile, Daudi ndiye mkubwa mwenye mamlaka, na Arauna ndiye raia. Mkubwa ndiye aliyekataa kutoa sadaka kwa mali ya mdogo. Basi, kanisa likimtuma kijana kuzima moto na kumwachia gharama yote, halafu likasimama mbele ya watu na kusema "kanisa letu limesaidia," hapo ng'ombe aliyetolewa ni wa Arauna.

Na lile neno la mkono wa kushoto? Bwana alimwambia anayetoa. Hakumwambia mwenye kutunza sanduku. Kijana ana haki ya kujisemea moyoni: sitahesabu. Mtunza sanduku hana haki ya kumwambia: usihesabu. Neno ni moja, lakini katika kinywa cha huyu ni unyenyekevu, na katika kinywa cha yule ni njia ya kufunga sanduku.

Paulo anatuonyesha mpaka huu katika 1 Wakorinto 9. Anauliza kama yuko askari anayekwenda vitani kwa gharama yake mwenyewe. Anaeleza kwa urefu kwamba ana haki ya kupata riziki kwa kazi ya Injili. Halafu anasema kwamba yeye hakuitumia haki ile. Kwanza haki imejulikana, ndipo ikasamehewa na mwenye haki mwenyewe. Mtu hawezi kusamehe deni ambalo wengine wanakana kwamba liko. Kama hakuna haki, hakuna msamaha. Kuna hasara tu.

Kuhusu wazee wetu wa zamani za mateso, ni kweli, hawakurudishiwa. Lakini nani aliwatwika hasara ile? Ni serikali ya kikoloni iliyowatesa. Hawakutumwa na kanisa halafu wakaachwa na kanisa. Mtu akipata hasara kwa mkono wa mtesi, tunamwita shujaa wa imani. Akipata hasara kwa uzembe wa ndugu zake waliomtuma, tusitumie jina hilo hilo kufunika uzembe wetu.

AMRI

Tuje sasa kwa amri. Katika Warumi 13 Paulo anatuagiza tusiwe na deni kwa mtu yeyote, isipokuwa deni la kupendana. Je, gharama ya aliyetumwa ni deni kweli, au ni huruma tu?

Sheria ya nchi yetu inajibu. Sheria ya mapatano ya tarehe 30 Julai 1888 iliwekwa wakati wa mfalme Leopold, nasi tuliirithi. Inasema kwamba mtu akimtuma mwenzake kufanya jambo kwa niaba yake, kwa kawaida kazi ile ni ya bure kama hawakupatana mshahara. Lakini aliyetuma analazimika kumrudishia aliyetumwa feza alizotanguliza na gharama alizofanya. Na kama aliyetumwa hakukosa, aliyetuma hawezi kukataa kwa kusema kwamba kazi haikufaulu. Basi hata nyumba ikiteketea, esansi ya kwenda kuizima bado ni deni.

Sheria hiyo inamkumbuka pia mtu ambaye hakutumwa na yeyote, bali ameona mali ya jirani inaharibika akaiokoa. Mwenye mali anapaswa kumrudishia gharama zilizokuwa za lazima au za faida. Kwa hiyo yule mama wa bidoni tano ana haki mbele ya mwenye nyumba iliyookoka. Bila shaka, nani atakwenda kumdai mtu ambaye bado analia juu ya majivu? Hapo ndipo upendo wa majirani wote unaingia: kila nyumba ilete bidoni moja kwa mama yule, na deni limekwisha pasipo kesi. Lakini ni vizuri kujua kwamba tunalipa deni, hatumpi mama yule zawadi.

Angalieni tena kwamba sheria inatenganisha mambo mawili: mshahara na gharama. Mshahara unamwongezea mtu kitu. Kurudishiwa gharama hakumwongezei kitu. Kunamrudisha pale alipokuwa kabla ya kutoka nyumbani. Kijana aliyerudishiwa esansi hakupata faida. Jasho lake, usingizi wake, hatari ya kuungua, hivyo vyote bado ni sadaka, na hakuna karatasi inayoweza kuvihesabu. Kwa hiyo baraka yake haijaisha. Imebaki nzima.

Msalaba Mwekundu unafuata njia hiyo hiyo. Kati ya kanuni zake saba, zilizotangazwa Vienna mwaka 1965, moja ni kujitolea bila kutafuta faida. Hata hivyo, utaratibu wao kwa wanaojitolea ni kuwarudishia gharama za haki zilizokubaliwa. Hawakuona mgongano, na mgongano haupo.

Lakini tusifiche upande wa pili, kwa maana sisi wa Ituri tumeuona kwa macho. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola huko Mangina, Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ukaingia kwetu, Mambasa, Komanda, hata Tchomia. Ulipotangazwa kwamba umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, hesabu ilikuwa wagonjwa 3,470 na wafu 2,287. Katika muda ule watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walizika wafu ambao jamaa hawakuweza kuwagusa, na huko Butembo, Oktoba 2018, walishambuliwa na kujeruhiwa. Kazi yao ilikuwa kama ya wazima-moto: kukimbilia pale ambapo wengine wanakimbia.

Lakini wakati ule ule feza nyingi za wageni ziliingia. Wengine walipewa primu kubwa kuliko mshahara wa mwalimu, na wengine waliopita mlango kwa mlango kufundisha watu walipata kidogo sana. Wivu ukazaliwa. Watu wakasema ugonjwa umekuwa biashara, na wengine wakakataa hata kuamini kwamba ugonjwa uko. Mwaka 2021 tume ya uchunguzi ilieleza pia jinsi wanawake na wasichana walivyodaiwa miili yao ili wapate kazi katika mapambano yale. Hilo ni chukizo mbele za Mungu.

Basi hofu ya ndugu zetu wa sababu ya tatu si hofu ya bure. Kinachogeuka kuwa faida kinavuta wanaotafuta faida. Lakini dawa yake ni kuweka mpaka kati ya gharama na faida, na kuandika hesabu mahali pa mwanga. Kuwanyima wote hakuponyi kitu. Mtu aliyetumwa asiporudishiwa anafuata ile sheria yetu maarufu isiyoandikwa, artikle 15: jitafutie mwenyewe. Atachukua sabuni au mabati ya waliounguliwa na kusema moyoni kwamba amejilipa. Uongo tunaouogopa unaingia pia kwa mlango wa sanduku lililofungwa.

KAZI

Neno la tatu ni kazi. Kanisa letu linajulikana kwa kazi ya mikono. Hekalu la Nkamba, lililofunguliwa tarehe 6 Aprili 1981, lilijengwa kwa mikono na matoleo ya waamini wenyewe. Lakini lilijengwaje? Wengine walibeba mawe, na wengine walileta franka kwa njia ya nsinsani, kikundi kikishindana na kikundi kwa furaha. Mwenye nguvu alitoa nguvu, mwenye feza alitoa feza. Mzigo uligawanywa. Hiyo ndiyo desturi yetu. Kumwachia kijana mmoja nguvu zake, usiku wake na gharama zake pia, siyo desturi ya Nkamba.

Tufikiri tena: tusiporudisha gharama, nani atabaki katika kikundi cha kuzima moto? Mwaka 1736, katika mji wa Philadelphia huko Amerika, Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikundi cha kuzima moto cha watu 30. Kila mmoja alileta ndoo zake za ngozi na mifuko ya kuokolea vitu, kwa gharama yake. Kazi yao ilikuwa njema, lakini ilikuwa ya watu wenye uwezo wa kununua ndoo hizo. Sisi tukifanya hivyo, mtoto wa mjane hatakuja. Si kwa kukosa imani, bali kwa kukosa esansi. Naye ataona haya kusema, na sisi tutasema amepoa kiroho. Hilo ndilo jambo linaloniuma zaidi ya yote. Kanisa ambalo kutumika ndani yake kunahitaji feza limewafungia maskini mlango wa kutumika, na Yakobo 2 imekwisha kutuonya juu ya kumpa tajiri kiti kizuri na kumsimamisha maskini pembeni.

Linabaki swali gumu: siku ya kazi iliyopotea. Mama wa soko aliyekesha kwenye moto hakuuza nyanya kesho yake. Huko Australia, moto mkubwa wa pori wa mwaka 2019 na 2020 uliwashinda hata matajiri. Wazima-moto wa kujitolea walikaa porini wiki nyingi, mpaka serikali ikakubali, mwishoni mwa Desemba 2019, kuwalipa waliopoteza mapato dola 300 za huko kwa siku, mwisho dola 6,000. Sanduku letu haliwezi hilo, na tusiahidi kitu tusichoweza. Kwa maoni yangu, siku iliyopotea si deni kama esansi ilivyo deni. Lakini jirani akijua kwamba nyumba ya aliyeokoa wengine haikupika, sahani ya chakula ivuke njia. Hilo halihitaji kuandikwa.

Katika Luka 14 Bwana anauliza nani atajenga mnara asikae kwanza na kuhesabu gharama. Kanisa linalotaka vijana wa kuzima moto likae kwanza na kuhesabu. Naweka mashauri machache mbele ya wakubwa na waamini:

Kwanza, ijulikane mapema ni gharama gani zinazorudishwa: safari, unite, esansi, ndoo au blanketi iliyoharibika, dawa ya aliyeungua, maji ya kununua. Jambo lisilokuwa katika orodha liulizwe kabla ya kutumia feza, kama muda unaruhusu.

Pili, feza kidogo iwekwe tayari kabla ya kiangazi, ili asiye na kitu asilazimike kukopa. Kumpa mtu kabla ya safari ni heshima kuliko kumrudishia baada ya mwezi.

Tatu, hesabu iandikwe katika daftari na watu wawili au watatu washuhudie. Katika 2 Wakorinto 8 Paulo hakutaka kubeba matoleo peke yake, ili pasiwe na neno la kumlaumu. Kama Paulo alitaka mashahidi, sisi ni nani? Na anayeandika elfu tano kwa elfu mbili aonywe kama ndugu, bila kuwaadhibu wote kwa kosa la mmoja.

Nne, irudishwe upesi, ndani ya siku nane. Deni linalochelewa linamfanya mwenye haki aonekane kama ombaomba.

Tano, anayetaka kusamehe asamehe kwa hiari, pasipo kutangazwa. Tusimsifu mbele ya wengine, maana sifa ile itakuwa fimbo ya kumpiga maskini aliyepokea.

Wapenzi, wengine watasema sanduku ni dogo. Ni kweli. Lakini sanduku dogo linaloogopa deni la bidoni tano ni dogo kwa sababu nyingine: watu hawaamini kwamba kinachoingia humo kinatoka kwa haki. Wakiona kwamba kijana aliyetumwa usiku alirudishiwa asubuhi, watajua toleo lao limekwenda wapi, na mkono utafunguka.

Tuwapende wanaojitolea kwa matendo. Tushike amri ya kutokuwa na deni kwa mtu. Tufanye kazi pamoja, kila mmoja akibeba sehemu yake. Na mwenye kutoa zaidi ya sehemu yake, atoe kwa sababu amependa mwenyewe, si kwa sababu sisi tulisahau.

Mungu Baba, Mungu Mwana na Mungu Roho Mtakatifu awabariki ninyi nyote.

Amina.